Tangi la samaki wa baharini, ukubwa gani unafaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Maswali haya watu wananiuliza kila mara, wengine kwa simu, wengine wakinikuta kwa fundi vioo Ngamiani wanaanza hapo hapo. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome kabla hajalipa advansi ya kioo. Nazungumzia maji ya chumvi tu, sio tangi la maji baridi, huko mambo ni mepesi zaidi. Vipimo natumia sentimita na lita, na mara nyingi nitahesabu kwa madumu ya lita 20 kwa sababu mwisho wa siku hayo ndo utakayobeba.

Naanza, nichukue tangi la lita ngapi?

Lita 200 mpaka 300. Kama unataka jibu moja la kumpelekea fundi, mwambie urefu 120, upana 45, kimo 50. Hilo ndo tunaita la futi nne, linaenea ukutani sebuleni, na hesabu yake ni lita 270 za juu kwa juu. Chini ya lita 100 sikushauri kama hujawahi kufuga samaki wa chumvi, hata kama jamaa yako analo la lita 40 na linapendeza.

Lita zinahesabiwaje?

Urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1000. 120 x 45 x 50 inakupa 270,000, gawanya, lita 270. Ila hapo maji halisi sio 270. Hujazi mpaka ukingoni, afu mawe na mchanga vinakula nafasi yao, kwaiyo toa kama moja ya sita, unabaki na lita 225 hivi, yaani madumu 11 na kidogo. Ukinunua dawa ya samaki au unapima chumvi tumia hiyo 225, ukitumia 270 unazidisha dozi. Na ukiona kwenye boksi wameandika galoni, ya Kimarekani ni lita 3.8 kasoro kidogo.

Si bora nianze na dogo la sentimita 60 nijifunzie, likiharibika hasara ni ndogo?

Hapa ndo wengi wanapotelea, na nawaelewa maana inaonekana ni akili ya kawaida. Lakini kwenye maji ya chumvi dogo ndo la fundi mzoefu na kubwa ndo la mwanafunzi.

Anza na uchafu. Samaki anatoa amonia kwenye mkojo na matamvua, chakula kilichobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa naitraiti, wengine wanaibadilisha naitraiti kuwa naitreti ambayo haina ukali sana, ila hao bakteria wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujenga jeshi lao kwenye mawe na mchanga. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe usimwone, amonia inapanda. Pilipili moja kwenye kikombe cha mchuzi utalia, kwenye sufuria la shughuli hakuna atakayejua. Na maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi) ya 8.1 mpaka 8.3 hivi, kwenye pH ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inakaa katika ile hali yake ya sumu kuliko kwenye maji baridi, na joto linazidi kuisukuma huko huko.

Pili, joto la kwetu. Miezi ya kaskazi, Januari, Februari mpaka Machi, ukiwa na nyumba ya bati isiyo na dari unajua mwenyewe saa nane mchana ndani kunakuwaje. Tangi dogo linapanda na kushuka na chumba, mchana 32 usiku 27, kila siku. Kubwa linachelewa kupanda, likianza kupanda jua limeshazama. Bahari yenyewe ya kwetu inacheza kati ya nyuzi 25 hivi mwezi wa nane na tisa na 29 au 30 mwezi wa tatu, lakini inachukua miezi kufika huko, haifanyi ndani ya saa sita.

Tatu, maji kukauka. Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Kwenye tangi lenye kina cha sentimita 30 maji yakishuka sentimita 1 tu, chumvi inatoka 35 kwa elfu inakwenda 36 na kidogo. Kwenye kina cha 50 sentimita hiyo hiyo inakupeleka 35.7. Ukisafiri Lushoto wikiendi na feni inapuliza juu ya tangi utakuta imeshuka sentimita mbili tatu, fanya hesabu mwenyewe.

Na la nne ambalo halimo kwenye vitabu vya wazungu ni dawa ya mbu ya kupuliza. Zile sumu zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana, kamba na kaa ndo kabisa. Jirani au mtoto akipuliza chumbani jioni bila kufunika tangi, kwenye lita 40 asubuhi unaokota. Kwenye lita 225 nako ni hatari usinielewe vibaya, funika tangi, zima pampu ya hewa, fungua madirisha, ila angalau lita nyingi zinakupa nafasi ya kubadilisha maji kabla mambo hayajaharibika.

Kwa hiyo kadri linavyokuwa kubwa ndo bora?

Hapana, hadi pale mgongo wako unapokubali. Kubwa ambalo huwezi kulibadilishia maji ni baya kuliko la wastani unalolihudumia. Kanuni ni asilimia 10 ya maji kila wiki, au 20 kila baada ya wiki mbili. La futi nne ni dumu moja na kidogo kwa wiki, kitu ambacho mtu wa baiskeli anakifunga kwenye keria na maisha yanaendelea. Ukienda la futi sita, 180 x 60 x 60, maji halisi ni lita 540 hivi, hapo kila wiki ni madumu karibu matatu na siku ya kwanza kulijaza ni madumu 27, hiyo ni kazi ya guta. Watu wanapiga hesabu ya kioo na taa, hesabu ya maji hawapigi, mwezi wa tatu unaingia anaanza kuruka wiki, afu mwani unafunika kioo chote, afu tangi linatangazwa linauzwa.

Nichague tangi kwanza au samaki kwanza?

Samaki kwanza. Siku zote. Na usimwangalie alivyo dukani au kwenye ndoo ya mvuvi, muulize atafika ukubwa gani.

Kitatange mkubwa yule anayeitwa emperor kwa Kiingereza, akiwa mdogo ana rangi ya buluu nzito karibu nyeusi na viduara vyeupe na vya buluu vinazunguka mwilini, sentimita 5 hivi, kila mtoto akimwona anamtaka. Akikua anabadilika kabisa, anakuwa na mistari ya njano na buluu na barakoa nyeusi machoni, na anafika sentimita 40. Huyo anataka lita 700 na kuendelea. Sasa umemweka kwenye futi nne, mwaka wa kwanza sawa, baadae anageuka kama basi kwenye uchochoro.

Kangaja ni hivyo hivyo na ndo wanaoumiza watu zaidi kwa sababu ni wazuri na wapo tele kwenye miamba yetu. Yule wa buluu ya bahari mwenye pezi la njano mgongoni anafika sentimita 20 na ushee, yule wa mistari ya njano na buluu anaweza kukaribia 38, na wote ni waogeleaji, wanatembea mchana kutwa wakila mwani kwenye mwamba. Kwao cha kuangalia ni urefu wa tangi hata kabla ya lita, chini ya sentimita 180 usimguse. Ukimbana anapata madoa meupe ya vimelea, anagombana na kila kitu, hali, anakonda mgongoni. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, basi kangaja kwenye tangi dogo ndo huyo.

Vitatange wengine wadogo wanaokula matumbawe hai, hao sio suala la ukubwa hata, wanakufa njaa kwenye tangi lolote kwa sababu chakula chao hakiuzwi popote. Waache baharini.

Kikande ana tabia. Yule mwenye michoro usoni kama amepakwa rangi anafika sentimita 25 mpaka 30, anahamisha mawe kwa mdomo, anang'ata nyaya, anakula kamba wako wa kusafisha. Kama unampenda mpe tangi lake la lita 400 na zaidi na mawe yakae juu ya kioo cha chini, sio juu ya mchanga, maana atachimba na jiwe litadondoka. Yule mwingine mkubwa anayekimbiza wazamiaji anapita sentimita 70, huyo hata usiulize.

Kuna yule wa mraba, wa njano na madoa meusi akiwa mdogo, mwili wake mgumu kama boksi. Anauzwa sana kwa sababu anachekesha. Akishtuka au akifa anatoa sumu kwenye maji, na maji yakiwa machache anaondoka na wenzake wote. Anafika sentimita 45 pia, hilo wauzaji hawasemi.

Sasa wanaofaa futi nne. Samaki wa anemoni, jozi moja, hawa hawasafiri, wanazunguka mita moja ya mraba maisha yao yote. Wa kwetu pwani hii kuna mmoja wa pinki ya chungwa mwenye mstari mweupe mwembamba mgongoni, anafika sentimita 11 hivi, na mwingine mkubwa kidogo wa mikanda miwili na mkia mweupe, huyo anafika 14 na ni mkali. Yule maarufu wa chungwa wa mikanda mitatu sio wa bahari yetu, asili yake ni upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi, wa dukani wengi wamezalishwa kwenye matangi na ndo maana ni watulivu. Ongeza samaki wadogo wadogo, gobi wawili, blenny mmoja wa kula mwani, kadinali watatu wanne, pamoja na kamba wa kusafisha na kaa wadogo. Kwa futi nne samaki sita mpaka nane wa aina hii wanatosha, na usiwaingize siku moja, mmoja mmoja kila baada ya wiki mbili.

Wale weusi wenye vidoti vitatu vyeupe mnavyowaona kwenye anemoni ukiogelea Raskazone au kwenye visiwa, wakiwa wadogo wanavutia sana, wakikua ndo wababe wa mtaa. Ukiweka, weka mwisho.

Nimesikia kanuni ya inchi moja ya samaki kwa galoni tano, ni kweli?

Ni ya kukukumbusha usizidishe, basi. Haina akili ya kutosha maana samaki haongezeki urefu tu, anaongezeka na unene na kimo. Samaki wa sentimita 20 sio sawa na wanne wa sentimita 5. Akiwa na umbo lile lile mara nne ya urefu ni mara 64 ya uzito, kwaiyo mmoja huyo ni sawa na 64 wa sentimita 5 kwa mwili, na kwa kula na kuchafua anawazidi hao wanne kwa mbali.

Refu au la kwenda juu?

Refu. Samaki wengi wanaogelea kwenda na kurudi, hawapandi ngazi. Oksijeni nayo inaingilia juu, kwenye uso wa maji, tangi pana lina uso mkubwa, na hili sio dogo kwa sababu maji ya bahari kwenye nyuzi 30 yanabeba oksijeni pungufu karibu moja ya tano kuliko maji baridi ya joto hilo hilo. Afu kuna mkono wako. Kimo kikipita 60 kwapa linaingia kwenye maji kila ukitaka kunyanyua jiwe lililoanguka. Na taa ya kufika chini inakuwa ghali kama una matumbawe.

Anayetaka kimo ni farasi bahari tu, maana wakati wa kujamiiana dume na jike wanapanda juu pamoja, hapo kimo cha 45 na kuendelea kina maana. Ila farasi bahari wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 2004, biashara yao ya kimataifa ina vibali, na wanahitaji chakula hai au kilichogandishwa mara mbili tatu kwa siku. Sio wa kuanzia.

Kioo kiwe milimita ngapi?

Kinachosukuma kioo ni kimo cha maji hasa. La 60 x 30 x 36 milimita 6 inatosha. La 90 x 45 x 45 weka 8. La futi nne kimo 50, weka 10 na mikanda ya kioo juu kuzunguka. La futi sita kimo 60, 12 na mikanda isikosekane, na mimi ningekuwa na hela ningeweka 15 nilale. Fundi wa madirisha ya alumini akikwambia 6 inabeba kila kitu, mshukuru uende kwingine.

Silikoni iwe ile ya akwariamu au ya kioo tupu isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia fangasi inaua samaki taratibu na hutajua ni nini. Ikishapakwa iache ikauke wiki nzima, afu jaza maji ya bomba uani siku mbili, weka karatasi kavu chini kwenye kila kona ukague. Kuvuja uani ni jambo la kucheka. Kuvuja kwenye zulia la mama mkwe ni kesi nyingine.

Nakaa ghorofani, litabeba?

Futi nne, kioo kama kilo 55, maji kilo 230, mawe na mchanga 60 au 70, stendi 40. Jumla karibu kilo 400 kwenye nusu mita ya mraba. Chini kwenye sakafu ya zege haina neno. Ghorofani liweke kando ya ukuta unaobeba, juu ya boriti, usiweke katikati ya chumba, na kama ni la futi sita muulize injinia, sio fundi wa tangi. Nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao msijaribu.

Stendi ya chuma ni nzuri lakini Tanga upepo wa chumvi hauna huruma, piga redi oksaidi mara mbili kabla ya rangi. Ubao wa mninga unadumu. Zile mbao za unga uliobanwa zikilowa zinavimba na tangi linapinda. Weka pima maji juu ya stendi, urefu na upana, na chini ya tangi weka kipande cha povu gumu, kokoto moja ndogo inatosha kupasua kioo.

Maji nachota tu baharini?

Ndio, na hii ndo faida kubwa ya kuishi hapa, wenzetu wa bara wananunua chumvi ya paketi kila mwezi. Lakini kuna kuchota na kuchota. Chota maji yakiwa yanajaa, sio yanapotoka, maana yanayotoka yanabeba uchafu wa ufukweni na mikoko. Bamvua likijaa ndo zuri zaidi, maji yanatoka mbali. Usichote karibu na bandari wala mashua zinapoegeshwa na mafuta yanaelea, wala karibu na mdomo wa mto. Wakati wa masika subiri, mvua kubwa ikipiga mto Sigi unaleta matope na maji baridi, ukipima chumvi utakuta 28 badala ya 35. Kuwa na kipimo cha chumvi, rifraktomita au hata haidromita ya plastiki, uzito wa maji usome 1.024 mpaka 1.026.

Chuja kwa kitambaa safi kisicho na sabuni, jaza kwenye pipa la chakula lenye mfuniko, weka gizani kama wiki na pampu ya hewa. Vijidudu vinakufa na kutulia chini, unanyonya ya juu. Kwaiyo ukipanga ukubwa wa tangi panga na pipa, ukiwa na futi nne kuwa na pipa la lita 100 pembeni lililojaa muda wote. Siku ya balaa ndo utalijua umuhimu wake.

Wengine wanauliza kama chumvi ya mabwawani, hizi tunazoziona zimerundikwa pwani yetu, inaweza kuyeyushwa ikawa maji ya bahari. Haiwezi. Maji yakianza kukauka kwenye bwawa chokaa inatangulia kutuama, ikifuata jasi, afu ndo chumvi ya kupikia, na yale maji machungu yanayobaki mwishoni yenye magnesiamu yanamwagwa. Unachochota kwenye gunia ni kipande kimoja tu cha bahari. Samaki hawezi kuishi humo muda mrefu, matumbawe ndo kabisa.

Ya kufidia yaliyokauka yawe maji baridi, sio ya bahari. Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa siku nzima klorini itoke. Ya mvua mazuri ila ya bati jipya hapana, zinki inaua kamba na konokono.

Nahitaji hita?

Tanga? Okoa hela yako ununue feni mbili ndogo za kupuliza juu ya maji, zinashusha nyuzi mbili hadi tatu. Chila, mashine ya kupoza maji, ni kwa anayefuga matumbawe magumu, na hao kweli joto linawamaliza, mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida matumbawe yalipauka pwani yote hii ya Afrika Mashariki, sembuse ya kwako sebuleni.

Umeme ukikatika tangi lipi linavumilia?

Kubwa lenye samaki wachache. Kinachoisha kwanza ni oksijeni, na samaki wachache kwenye lita nyingi wanaweza kukaa masaa mengi, waliobanana wanaanza kuhema juu mapema. Nunua pampu ya hewa ya betri, hata ile ya kubebea chambo hai inafaa, usiwape chakula mpaka umeme urudi. Ukikatika usiku na huna kitu, chota maji kwa jagi unamwaga kutoka juu kila baada ya muda. Inachosha ila inafanya kazi.

Sampu, lile tangi la pili la chini, inahesabika kwenye ukubwa?

Kwa maji ndio, kwa samaki hapana. Sampu ya lita 60 chini ya stendi inafanya futi nne liwe na maji ya lita 270 na kitu, uchafu unazimuliwa zaidi, na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) na nyaya zote zinafichwa humo. Lakini kangaja haogelei kwenye sampu, urefu wake ni ule ule. Hakikisha pampu ikizimika sampu ina nafasi ya kupokea maji yanayorudi, la sivyo kila umeme ukikatika unadeki.

Naweza kwenda kuchukua samaki na mawe mwenyewe?

Taratibu. Kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga tangu 2009, inaanzia huku mjini na visiwa vyake kama Toten na Yambe mpaka kusini karibu na Pangani, na kule Pangani kuna Maziwe ambayo ni eneo tengefu. Ndani ya hizo huchukui kitu bila kibali, iwe samaki, jiwe au konokono. Nje yake nako kukusanya samaki wa mapambo ni shughuli ya leseni, ulizia ofisi ya uvuvi kwanza. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, ukikamatwa nayo airport umejitakia. Miamba yetu imeshapigwa baruti miaka mingi, haihitaji na nyundo zetu.

Kwa mawe tumia matumbawe ya kale yale ya kujengea, makavu, kutoka machimboni, yasiyo na saruji wala udongo. Yana matundu mengi, bakteria wanayapenda. Yaoshe, yaloweke, kilo 25 mpaka 30 kwa futi nne. Hayana uhai mwanzoni ila baada ya miezi michache hutofautishi.

Na kuna kijana lazima aulize kuhusu silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale aliyeipa hifadhi jina. Anakaa mita mia na zaidi chini kwenye giza na baridi, anaweza kufika karibu mita mbili, na akipandishwa juu haishi. Hakuna tangi lake.

Pweza je?

Hapana. Anatoka kwenye tundu lolote ambalo mdomo wake unapita, akishtuka anamwaga wino, na maisha yake ni kama mwaka mmoja tu. Mle na nazi.

Tayari nina la sentimita 60, nilitupe?

Usitupe. 60 x 30 x 36 ni lita 65, halisi 50 na kitu. Weka gobi mdogo mmoja na kamba wake, konokono, kaa wawili, mawe, basi, na ujazie maji baridi kila siku asubuhi bila kuruka. Jozi ya samaki wa anemoni wanataka lita 75 kwenda juu na wale wa kwetu wa mikanda miwili zaidi ya 110. Au lifanye la karantini, kila samaki mpya akae humo wiki nne kabla hajaingia tangi kubwa. Mi ningefanya hivyo.

Kuna mtu anauza la mtumba, niangalie nini?

Pita kidole kwenye silikoni za ndani kwenye kona zote, zikiwa zinachubuka au zina mapovu hesabu gharama ya kubandika upya. Angalia mikwaruzo ukiwa umesimama pembeni, sio mbele. Pima unene wa kioo mwenyewe kwa rula pale ukingoni. Uliza kama aliwahi kuweka dawa ya shaba kutibu samaki, maana shaba inang'ang'ania kwenye silikoni na mawe na baadae inaua kamba na matumbawe, kwa samaki peke yao sio shida kubwa. Akikataa ulijaze maji ukaone kabla ya kulipa, shika hela yako, vioo bado vinakatwa Ngamiani.